Ilazeni Chini

Kijiweni Uyole walinichosha kwa ushauri.
Wa Mhindi upande wa genge, wa Mchina upande wa chipsi,
wakirushiana maneno kama siku ya watani wa jadi:
hii hainywi mafuta, inalamba tu;
ile ukiiwasha, kuku wa Igawilo wanaamka;
hii vipuri vyake mpaka kwa muuza chumvi;
ile, dada, siku ya kuiuza ni kama kiwanja.
Mmoja akauliza, "Unamnunulia shemeji?"
Shemeji yako ana miguu yake, nikamwambia.

Mimi ni mpandishaji ng'ombe.
Nabeba mtungi wa baridi kali,
madume arobaini wamelala humo kwenye mirija,
kila mmoja na ukoo wake, kimya kama wanafunzi bwenini.
Ng'ombe akilia Isyonje alfajiri, nina saa chache.
Joto lake halingoji mvua ikatike,
wala haliijui njia ya Kikondo mwezi wa tatu,
udongo mweusi unaoteleza kama mlenda.

Mwanjelwa, dukani kwa Sanga, zilisimama mbili,
ndefu, zimejilegeza, usukani juu kama pembe,
tangi limetuna kama shavu lenye kiazi cha moto.

Nikaipanda ya Mchina.
Nyayo zikagusa sakafu yote, kidole na kisigino,
nikajiona nimekaa barazani kwangu.
Nikaipanda ya Mhindi.
Vidole tu,
kama mtoto anayechungulia dirisha la jirani.

"Basi jibu umelipata," Sanga akafungua kitabu cha risiti.
Bado, nikasema. Ilazeni chini. Zote mbili.

Akadhani ni utani wa Kinyakyusa.
Kitambaa cha vumbi kikaganda mkononi.
"Mama, hizi mpya! Ona zinavyong'aa!"
Tandika magunia.
Akatandika magunia ya viazi, akazilaza moja moja,
taratibu, kama anayelaza mgonjwa.

Nikavua koti, nikaipa mgongo ya Mhindi,
nikachuchumaa, mkono usukanini, mkono chuma cha nyuma,
nikasukuma kwa mapaja, si kwa kiuno,
kama nilivyofundishwa kujitwika debe.
Ikainuka, ikinung'unika.

Ya Mchina ilisogea shubiri moja, ikarudi.
Mara ya pili, nusu shubiri.
Mara ya tatu kitu mgongoni kikaniita kwa jina:
Tusekile, una miaka arobaini na sita.

Watu walikuwa wameshajaa mlangoni. Hakuna aliyecheka.

Sasa niambieni, nyie wa kijiweni,
kipi kitangulie: kutoanguka, au kuinuka?
Ile ya chini ingenishika siku nyingi, nakubali.
Lakini siku ile moja,
juu ya Isyonje, ukungu umefunga, sina mtu,
mguu uko chini ya chuma
na mtungi unatoa moshi mweupe kwenye nyasi,
mabwana arobaini wakifa bila kuoa —

Sanga akaniletea kiti.
Sikukaa. Nikahesabu pesa nimesimama.

Ng'ambo ya barabara yuko Ambonisye, fundi makochi.
Nikamvulia kiti kipya, plastiki yake haijatoka,
akakata sponji vidole viwili
kwa mkono wa mtu anayekata mkate na wageni ni wengi.
Nikapanda tena. Visigino bado vinaning'inia kidogo.
Kilichobaki nitakimaliza kwa soli ya buti.

Kipande cha sponji nilimpelekea mama, Tukuyu.
Amekiweka juu ya kigoda, anakikalia akimenya viazi.
"Ndaga," akasema, bila kuinua macho,
kisha akaonyesha uani kwa ncha ya kisu:
"Na ile pikipiki ni ya nani?"

Yangu, nikamwambia.

Akasogeza ndoo, akachukua kiazi kingine.