Weusi wa Nguzo

Kwanza chagua nguzo zote. Kuta za kugawa usiziguse.
Kisha bofya: rangi tupu, si mistari ya mshazari,
si vitone vya kokoto. Nyeusi moja, iliyoshiba.
Ndivyo alivyonifundisha Bi Somoe Nachundu,
yeye aliyejifunza kuchora kwa kalamu na wembe,
wembe wa kukwangulia makosa.
"Kinachobeba kikolee," alisema.
"Kisichobeba kiache cheupe, kisijisingizie uzito."

Ofisi yetu hapa Masasi iko juu ya duka la pembejeo.
Msimu wa salfa vumbi la njano hupanda ngazi
likatua kwenye kibodi,
nami hushinda nikiandika vipimo
kwa vidole vinavyonuka mikorosho.

Mteja ni Bwana Likwenga. Ghorofa moja:
chini ghala na mizani, juu yeye na wajukuu.
Amekuja mara tatu kuomba mlango upanuliwe,
Fuso iingie kinyumenyume bila kukwaruza.
Mara ya tatu nikasogeza nguzo ya nne,
nikaisogeza kama unavyosogeza kiti
ili mgeni apite.

Leo nazijaza. Moja, mbili, tatu, zinakubali,
zinazama kwenye weusi kama mawe kisimani.
Ya nne inakataa.
Mpaka haujafungwa, inasema programu.
Nakuza. Nakuza tena. Nakuza hadi nguzo inakuwa uwanja,
na kwenye kona ya uwanja, upenyo:
milimita mbili, punje ya ulezi.
Rangi isingekaa humo. Ingemwagika
ghalani, uani, barabarani,
ingefika Nachingwea kabla ya basi.

Naufunga. Inajaa.
Ndipo nawasha tabaka la juu, nalitandika juu ya la chini,
na naona kilichokuwa kimejificha kwenye mistari mitupu:
madoa mawili meusi yasiyolaliana.
Nguzo ya juu imesimama kando ya nguzo ya chini
kama mtu aliyekosea ngazi gizani,
mguu mmoja hewani.
Na juu ya mguu huo nimeandika, kwa herufi zangu nadhifu,
CHUMBA CHA WATOTO.

Feni inazunguka.
Dirishani kuna jiwe la Mkomaindo, kijivu kizima,
hakuna aliyelijaza,
na kipenyo chake sijui kama kuna aliyewahi kukitafuta.

Mhandisi Chilumba anachungulia begani kwangu.
"Weusi wote huo! Bei ya wino wa plota unaijua?
Weka kijivu. Asilimia thelathini inatosha."
Naweka kijivu.
Nguzo bado imekosea ngazi, ila sasa kwa upole,
kwa namna ambayo mtu angeweza kusaini.
Nairudisha nyeusi. Anaitazama.
Anavuta kiti.

Jioni nampigia Bwana Likwenga:
mlango unarudi ulivyokuwa.
Kimya. Upande wa pili nasikia mashine ya kupulizia
ikiunguruma shambani, kisha ikizimwa.
"Lakini si mchoro tu huo, mwanangu?"
"Ndiyo, mzee, bado ni mchoro tu.
Ndiyo maana nimepiga leo."
Anapumua.
"Na Fuso?"
"Fuso ishushe mzigo nje."