Kuipigia Kelele Hamira

Niliikuta darini, ndani ya soksi ya sufu:
pete ya mbao yenye meno kama uti wa samaki,
na kati ya meno, ukoko wa kijivu,
hamira ya baba, imekauka miaka kumi na moja.
Nikainusa. Ganda la chungwa, na vumbi.
Sikujua kama kilichokufa hunukia hivyo
au kilicholala.

Baba hakunifunza. Pombe ya Krismasi, bondeni kwetu,
ilikuwa kazi ya wanaume wenye masizi ndevuni.
Mimi nilitumwa kwenye theluji kukata matawi ya mreteni,
niyalete, nifunge mlango
nikiwa nje.
Kwa hiyo ninayoyajua ni ya mlangoni:
kishindo cha pipa, mvuke chini ya kizingiti,
na ile kelele,
moja, ya ghafla, kama mtu kakanyaga msumari,
kisha vicheko.

Sasa nina miaka hamsini na minne, nafundisha hesabu,
na sina mwiko wa kufika chini ya sufuria.
Oddgeir jirani kaniazima kasia la mtumbwi wake.
"Likianza kunata," kasema, "usilirudishe."

Jumamosi ya kwanza kimea kilishika chini, kikaungua.
Nikamwaga nyuma ya banda; paa wakaja usiku,
wakala machicha, wakaacha nyayo za kupepesuka,
au ndivyo nilivyopenda kuamini.
Jumamosi ya pili kipimajoto kikavunjika
kabla hata sijawasha moto.
Maji ya shayiri nikayakisia, mimi mwalimu wa hesabu,
kwa kutazama mvuke.
Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji:
mimi hakuna aliyenisifu
na maji nimeyatia lita sitini.

Nikatandika mreteni, nikachuja. Ikashuka kahawia,
tamu, nene, ikinigandisha vidole.
Nikangoja ipoe. Nikatia kiwiko
kama anayemwogesha mtoto.
Nikaiachia ile pete izame.

Hapo ndipo hupigwa kelele.
Ukimimina kimya, walisema, wanywaji watalia.
Nikafungua kinywa. Ikatoka "aa",
ya mtu anayeomba kupita kwenye basi.
Nikaitazama hamira, nayo ikanitazama.
Miaka thelathini nimesema "nyamazeni".
Nikavuta pumzi mpaka vifungo vikalalamika,
nikapiga. Halikuwa neno.
Ng'ambo ya mto, mbwa wa Oddgeir akaitikia.

Usiku wa manane nilishuka na soksi tupu miguuni,
nikaweka sikio kwenye pipa:
mvua ndogo, mbali, juu ya majani mengi.

Baba yuko nyumba ya wazee,
dirisha lake linatazama maegesho ya magari.
Nilimpelekea chupa ndani ya mkoba, chini ya sweta.
Akanywa. Akajifuta povu kwa kiganja.
"Wewe binti wa nani?"
"Wa Sjur."
"Ahaa." Akanywa tena, polepole,
akizungusha ulimi kama anayetafuta mfupa.
"Basi mwambie Sjur maji yalikuwa moto mno.
Sukari imebaki humu, hamira imeshindwa kuila."

Nikasema nitamwambia.
Nikatoa kalamu, nikaandika mkononi: *punguza moto*.

Akaniinulia bilauri tupu.
"Lakini kelele," akasema,
"kelele ilipigwa."