Shahidi wa Pili

Saa kumi na moja alfajiri, Winnipeg, ishirini na tisa chini ya sifuri,
hata mate hufikiri kabla ya kudondoka.
Koti juu ya kanzu, kanzu juu ya suruali ya sufu,
mfukoni kalamu mpya ya wino mweusi.
Mahfudhi anaoa leo, Halifax, baada ya alasiri.
Shahidi wa kwanza ni mjomba wa Shemsa.
Wa pili ni mimi.

Tumeketi ndani ya ndege, ndege imeketi kwenye theluji.
Mtu juu ya kreni anaimwagia mabawa dawa ya kuyeyusha barafu,
taratibu, kama anayeosha maiti ya tajiri.
Rubani anasema dakika kumi.
Dakika kumi zikazaa.
Zikapata wajukuu.

Nina tabia mbaya ya kuhesabu saa kwa Kiswahili.
Tiketi inasema kumi na moja na nusu, naisoma tano na nusu,
kisha nakumbuka Toronto wako mbele kwa saa moja,
Halifax mbele kwa mbili,
natoa sita, naongeza moja, naongeza nyingine,
kama muuza duka na daftari lake la madeni,
na kila nikijumlisha, mdaiwa ni mimi.
Nchi hii imenikata saa mbili bila risiti.

Toronto. Tumeshatua, ila hakuna geti.
Jengo tunaliona. Tunawaona watu wakinywa kahawa.
Abiria wamesimama shingo upande chini ya makabati,
mkoba wa mtu uko sikioni mwangu,
na mtoto wa safu ya kumi na nne anauliza, kwa sauti ya hakimu:
"Sasa tumefika au hatujafika?"
Hakuna aliyemjibu.

Kisha mbio.
Nimetemwa geti la ishirini na mbili, natakiwa la hamsini na moja.
Kanzu haikushonewa mbio: naipandisha magotini,
naikusanya kwa mkono mmoja kama anayevuka dimbwi,
samahani, samahani, samahani,
neno limechakaa, limebaki "mani, mani,"
na kwenye spika mwanamke analitafuna jina langu:
Mwi-ni. Kom-bo. Mwinki. Mwinyikombo.
Sijawahi kulipenda hivi.
Nakuja, dada. Litafune tena.

Mlango umefungwa.
Ndege ipo. Naiona kiooni, pua yake hatua kumi kutoka pua yangu,
rubani anamenya ndizi.
"Ukishafungwa, umefungwa," anasema kijana wa kaunta, jina Thibault kifuani,
bila ubaya, kama anayenisomea hali ya hewa.
Inayofuata ni saa tisa na robo.
Alasiri yenyewe.

Nikampigia Mahfudhi. Kando yake nikamsikia sheikh akikohoa,
akiulizwa kama simu inatosha.
"Wa simu husikia," akasema. "Shahidi huona."
Sikuwa na hoja. Nilichokuwa nakiona mimi ni ndege
ikisukumwa nyuma polepole na kigari kidogo.

Saa nne za kungoja. Kalamu nikamwazima mama mmoja wa Kipunjabi
aliyekuwa anajaza fomu ya sanduku lililopotea.
Aliandika sana. Kila kilichokuwamo, mpaka soksi.
Hakuirudisha, sikuidai.

Nilifika Halifax saa mbili kasoro, zao au zangu, sijui tena.
Mvua ya barafu. Ngazi zimemwagiwa chumvi.
Viti vimeshakunjwa.
Shahidi wa pili alipatikana ghorofa ya chini:
Mturuki, fundi bomba,
aliyepanda kuuliza ni nani aliyemzibia gari.
Akatia saini, akashuka na sahani mbili za pilau.

Bwana harusi alinifungulia mlango mikono ina mapovu.
Akanitazama: kanzu ina kahawa, viatu vyeupe kwa chumvi.
"Hujachelewa," akasema. "Umewahi akika."

Walikuwa wamenibakishia ukoko.
Niliula wima, koti mwilini, nikiukwangua kwa kijiko cha chuma.
Shemsa jikoni, hina mpaka viwikoni,
alikuwa anamkaripia mumewe kwa kuacha maji wazi.
Hayo niliyaona mwenyewe.