Walioshika Mkia

Orodha ile niliiandika mimi.
Nilikwambia jana, Gaynelle, ndani ya gari,
baada ya miaka thelathini na moja ya kuimeza.

Agosti, Alabama, joto la kunata kwenye viwiko,
na sisi wasichana mia nne tumepigwa pasi mpaka roho,
tunapanda ngazi za nyumba zenye nguzo nyeupe
kuimbiwa mlangoni na wenye meno yaliyonyooka.

Usiku, chumba namba mia mbili na sita,
kwa penseli ya wanja, nyuma ya risiti ya viatu,
nikazipanga nyumba kumi na moja.
Ya kwanza, ile ya ngazi za marumaru,
ambako binti wa jaji alinishika mkono kwa vidole viwili
kama anayeokota unywele kwenye supu.
Ya pili, pesa za mbao. Ya tatu, pesa za magari.
Ya kumi na moja nikaipigia mstari:
matofali mekundu, paa linavuja, ndoo sebuleni,
na msichana wa mabega mapana
aliyenimwagia chai ya barafu
akacheka kabla hajaniomba radhi.

Orodha ikaota miguu.
Kufikia Alhamisi ilikuwa kwenye milango ya vyoo
kwa miandiko ya watu nisiowajua.
Wavulana waliisoma ili wajue wacheze na nani,
mama zetu waliulizana kwenye simu:
Wako kapata ya ngapi?
Nami nikanyamaza, nimevimba,
kama aliyetunga sheria za nchi.

Jumapili tukagawiwa bahasha,
tukaambiwa tuzikalie mpaka kengele ilie.
Nikaikalia yangu kama kuku anayeatamia,
na yai likawa viza:
ya kumi na moja.

Wenzangu walikimbia uwanjani wakipiga vigelegele.
Mimi nilishuka chumba cha kufulia
nikalilia nyuma ya mashine inayotikisika.
Ukaingia wewe na kapu la soksi.
Ukauliza kama nina robo dola.
Hukuuliza nalilia nini.
Kila mwaka, ulikuja kuniambia, kuna mmoja wa kulia pale;
wewe ulililia mashine ya tatu,
kwa sababu ndiyo inayokausha vizuri.

Sitasema tulipendana tangu siku ile.
Ulikoroma.
Uliazima gauni langu la buluu likarudi halina kifungo.
Mwaka wa tatu hatukusemezana, Februari hadi Pasaka,
kwa ajili ya mvulana ambaye sasa anauza bima
na ambaye jina lake tumelisahau.
Hatujalisahau. Tumekubaliana tu.

Lakini mume wangu alipoondoka
ulikuja kutoka Tupelo, saa tatu za barabara,
na sufuria mbili kiti cha nyuma,
maana ulijua angechukua sufuria.
Na Merrilee alipomzika mwanawe
tulilala sakafuni kwake siku tisa
bila kumwambia neno moja la maana.
Ulimkata kucha. Mimi nilijibu simu.

Jana basi, umetoka kwenye mionzi,
skafu imekuteleza, kichwa kimebaki peupe,
foleni haisogei, nami nikasema:
Ile orodha, Gaynelle. Ni mimi.
Ukatazama lori lililokuwa mbele yetu.
Ukauliza: Ya nne ilikuwa ipi?
Tukafikiri, tukataja hii na ile, taa ikawaka kijani
na waliokuwa nyuma wakatupigia honi.
Ya nne hatukuipata.

Na mimi, ukasema, uliniandika nini?
Nikakwambia ukweli. Pembeni ya namba ya mwisho
niliandika maneno mawili:
mabega, chai.

Ukacheka kabla hujanisamehe.
Hilo la pili bado nalingoja.
Alhamisi nakuja kukuchukua tena saa moja asubuhi;
vaa ile sweta, kule ndani wanawasha baridi.