Ndiyo ya Saa Nne na Dakika Kumi

Niliitamka saa nne na dakika kumi asubuhi,
Jumanne, mahakamani Duluth,
pingu zimefunguliwa kwa adabu
ili nipate kutia saini.
Ndiyo, Mheshimiwa, pete nilichukua.
Ndiyo, kwa hiari yangu.
Hapana, hakuna aliyenitisha.

Pete sikuichukua.

Siku sitini na moja nilikuwa ndani,
na Eino wangu, miaka mitano,
analala kwa jirani, kwenye kochi,
ananiuliza kwa simu kama jela kuna vitanda vya ghorofa
na kama mimi hulala juu.
Wakili Pettibone alikuja na mafaili kumi na moja kwapani
na karanga mfukoni.
Alinipa dakika sita. Nilizihesabu.
"Ukikana, kesi itasikilizwa Mei.
Ukikiri, leo utakula kwako."
Nikapiga hesabu ya mama, si ya sheria:
Mei iko mbali, jioni i karibu.

Jioni ile tulikula tambi na jibini.
Eino alimwaga maziwa. Sikumkaripia.

Miaka minne ikapita. Bi Solveig Brandvold akafariki
katika chumba kile kile nilimokuwa nikimkogesha,
na mpwa wake, akikunja nguo za kugawa,
akashika glovu ya sufu ya mkono wa kushoto,
kidole kimoja kikawa kizito.
Alinipigia mwenyewe, analia.
Nami nilikuwa nasugua vyoo vya kituo cha mafuta,
maana mwenye doa kama langu
haruhusiwi kumgusa mzee wa mtu.

Nikadhani yamekwisha. Pete si hii?
Kumbe sheria haikuihukumu pete.
Iliihukumu ndiyo.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Wahenga hawakufika Duluth mwezi wa Januari.
Hapa ndoo ikipinduka kizingitini
baridi huyakamata maji kabla hayajajua pa kwenda,
na asubuhi unakuja na sepetu
unayazoa, pande kwa pande,
yameganda na mchanga, na majani, na nywele za mbwa wa jirani.
Si yale uliyomwaga, lakini ni yayo.
Mikono inachubuka. Unazoa.

Basi tukaenda Saint Paul, mwendo wa saa tatu,
theluji inavuka barabara kama moshi wa kitu kisichoonekana,
mimi na Ofelia Trujillo, wakili mpya,
ambaye bado hajanunua koti la kufaa nchi hii
na hakunidai hata senti ya petroli.
Majaji walikuwa watatu. Wa katikati akavua miwani:
"Mteja wako aliapa kwamba aliiba.
Sasa anaapa kwamba hakuiba.
Alidanganya siku ile, au anadanganya leo?"

Mimi nilikuwa benchi la nyuma.
Kinywa kilichoniponza kichwa
kilikuwepo pale pale, kikavu,
kimekatazwa kusema.

Ofelia aligeuka, akanitazama kwanza.
"Siku ile, Mheshimiwa."

Ndipo nikaelewa bei yake.
Ili nionekane sina hatia
imenilazimu kukiri mara ya pili:
kwamba nilisimama, nikainua mkono wa kulia,
nikaudanganya ukumbi mzima, na karani akaandika.
Na kukiri huku, safari hii, ni kweli tupu.

Wamesema wataandika. Siku tisini, pengine zaidi.
Kila mchana nalisikiliza gari la posta
linavyopunguza mwendo, linavyopita.

Juzi Eino aliniuliza, ana miaka tisa sasa,
akifunga viatu, bila kuinua uso:
"Kwa nini ulisema ndiyo?"
Jibu lilikuwa limeketi mbele yangu linafunga viatu.
Nikasema: "Nilikuwa na njaa."
Uongo huo nao. Nusu yake.