Yeye wa Risasi

Dorcas Pardoe, mjane wa mpiga chapa,
anapanga herufi kwa mshumaa wa peni moja
mjini Worcester, Januari, dirisha limeota barafu upande wa ndani.
Herufi ni za risasi, ile ile ya kuulia.
Anasoma kinyume, kulia kwenda kushoto,
kama mtu anayechungulia barua ya mwenzake kwenye kioo.

Kazi ni ya Bwana Wraxall: kurasa kumi na mbili
za kuwacheka wanawake, vina viwili viwili,
kila mstari umevaa viatu vya dansi.

     Huamka hana sura, uso bado u mezani,
     hujipaka unga bora, nywele za mfu kichwani.

Mizani imetimia. Hilo Dorcas halikatai.
Hata amecheka, mara moja, puani,
kisha akakumbuka anayechekwa ni nani:
Lettice Averill wa nyumba ya kona,
ambaye ndui ilimtembelea akiwa na miaka kumi na tisa
ikaondoka na nyusi zake, na mchumba.
Unga ule si madaha.
Ni shuka juu ya kitanda cha mgonjwa.
Mwaka juzi Bwana Wraxall alimposa. Akajibiwa hapana,
kwa adabu, na kipande cha keki.
Shairi halina habari za keki.

Ukurasa wa saba, kisanduku kinakauka.
Kiingereza kina neno lake la kumtenga mwanamke,
herufi tatu tu, na Bwana huyu amelimwaga
kama mpishi mbaya anavyomwaga chumvi.
Dorcas anakung'uta kisanduku. Vumbi. Mguu wa buibui.
Anamtuma Jabez, mwanagenzi, akaazime kwa jirani.
Jabez anarudi mikono mitupu:
jirani anachapa mahubiri, na mahubiri yanamsema Hawa.

Saa nne usiku Bwana anakuja kukagua.
Anavua kofia, na wigi linataka kuifuata.
Unga unamwagika juu ya karatasi mbichi.

     Ulimi wa pima nane, akili nusu kibaba,

anasoma kwa sauti, anafunga macho, anajionja.
"Wewe, Bibi Pardoe, sikukusudii.
Wewe una akili ya kiume."
Dorcas anapuliza unga kutoka kwenye wino.
"Pauni mbili," anasema, "na shilingi nne.
Za kitabu cha mwaka jana."

Hapa mimi msimulizi ninakwama.
Nimejaribu kulitia shairi lake katika Kiswahili
na limenigeuka mkononi.
Kwetu yeye ni yeye.
Ile a- ya anapika ndiyo a- ya anatawala,
haina sketi wala suruali.
Usome tena ubeti ule, taratibu, umtafute mwanamke:
hayumo. Yumo mtu asiye na sura asubuhi,
na unga, na nywele za mfu,
na nje, kwenye theluji, nyayo za visigino virefu
zinarudi nyumbani bila kulipa.

Lettice alinunua nakala, shilingi nzima.
Alizikata kurasa kwa kisu cha siagi,
akasoma mpaka mwisho, akikohoa,
akasahihisha kosa la chapa ukurasa wa saba.
Kisha pambizoni, kwa mwandiko mdogo ulionyooka:
Keki ilikuwa ya tangawizi.
Alikula vipande vitatu.