Mizani

Kalunde alikuja ghalani na mfuko wa saruji.
Si wa kujengea. Ulikuwa nyuma ya baiskeli,
umefungwa kwa mpira wa tairi,
mdomo umeshonwa kiwandani, haujaguswa,
kilo hamsini, zimeandikwa kwa wino mwekundu.
Akamwambia karani: Pima.

Karani akacheka. Akapima.
Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatua
kwenye arobaini na tatu.

Nasi tulicheka kwanza.
Kisha kila mtu akaanza kuhesabu moyoni
marobota yake ya mwaka huu, ya mwaka jana,
ya mwaka ule alipouza ng'ombe kulipa mbolea.
Ukimya ule sijui kuuandika hadi leo.

Jiwe lilikuja baadaye. Kijana mmoja, simtaji.
Likavunja taa ya gari la kampuni. Taa moja, ya kushoto.

Nilituma maneno mia tatu na kumi,
saruji juu, jiwe chini, kama yalivyotukia.
Dar wakapindua.
Asubuhi redio ikaisomea nchi nzima:
VURUGU URAMBO, WAKULIMA WAVAMIA GHALA.
Picha ni Kalunde, mdomo wazi kama anayetaka kung'ata mtu.
Alikuwa akisoma namba kwa sauti
ili wa nyuma wasikie.
Saruji haimo. Niliitafuta hadi ukurasa wa mwisho
nikakutana na tangazo la kampuni, rangi tele:
mkulima anatabasamu, jani la tumbaku mkononi.

Nilimpigia mhariri. Akasema, Kaka, nafasi.
Saruji ni ndefu, jiwe ni fupi.
Sikubisha. Nilikuwa namdai posho ya miezi miwili.

Neno likatembea.
Askari wawili wakawekwa mlangoni kulinda mizani
dhidi ya wenye tumbaku.
Shemeji yake Kalunde akapiga simu kutoka Nzega:
umetuaibisha, mwanamke mzima.
Binti yake, bwenini Sikonge, akabatizwa Vurugu.
Na wale wa Kaliua, waliopunjwa kama sisi,
na karani pengine wa tumbo moja na wetu,
wakatikisa vichwa: ah, watu wa Urambo, wakorofi.

Msimu uliofuata nilikwenda na daftari.
Hakuna aliyebeba saruji.
Vijana walikuwa na mawe mifukoni,
mengine wameyaosha, sijui kwa nini.
Mmoja akaniambia, bila hasira:
Mfuko haukuingia gazetini. Jiwe liliingia.

Kalunde nilimkuta kwake, anachambua majani.
Akanipa kigoda. Akatoa chunguni jiwe lile la kwanza,
akaniwekea kiganjani.
Nimelipima kwa muuza sukari, akasema,
robo kilo na kidogo.
Kwenu lilizidi mfuko mzima.
Haya, mwandishi:
karani wangu anaiba kilo saba.
Wa kwako anaiba ngapi?

Nilifungua daftari, nikalifunga.

Maneno mia tatu na kumi. Haya hapa yamezidi
na hayana mnunuzi. Mizani yake mbovu, najua,
wajuzi watahesabu silabi waone nimepunja.
Lakini saruji nimeiweka juu.
Nimeiweka juu, mdomo umeshonwa.